Ujumbe wa Saa Saba

Mama Marsiana haandiki kwenye kompyuta, anatwanga. Ukikaa chumba cha pili unasikia kila herufi ikipata kipigo chake, na kila mstari ukiisha unasikia pigo moja kubwa kuliko mengine yote. Hilo ni la kitufe cha kwenda mstari mpya. Hata akimaliza barua yote, saini imeshapangwa, hakuna cha kuongeza, lazima akipige tena mara moja. Nimemwambia kwa miaka miwili kwamba kompyuta haihitaji nguvu hizo. Yeye hunijibu kwamba kibodi ni mali ya chama, si yangu.

Chama chenyewe ni chama chetu cha wakulima wa mpunga hapa Katindiuka. Mimi, Melkiori, ndiye katibu. Yeye ni mhazili, ana miaka sitini na mitatu, na mshahara wake ni wa kumshukuru tu. Alizaliwa kijiji cha Mbingu, akasomea uhazili Tabora wakati wa taipureta, kisha akafanya kazi miaka ishirini na sita kwenye ofisi za shamba la miwa, katikati ya watu wa kila mkoa na kila dini. Huko alishika mambo mawili ambayo hajayaachia hadi leo. La kwanza, karatasi isiyo na nakala kwenye jalada ni kama haijaandikwa. La pili, ukimaliza mstari, hata uwe wa mwisho kabisa, rudisha mashine mwanzo, ili anayekuja baada yako asiikute imekwama katikati. Mimi mambo hayo niliyaona ya kizamani na sikuficha.

Vijana wa ghalani wanamwita Mama Mafuriko. Wingu likisimama juu ya milima ya Udzungwa, yeye tayari yuko dirishani. Wanacheka kwa sababu hawajui. Mimi aliwahi kuniambia, mara moja tu, kwamba alipokuwa na miaka minane maji yaliondoka na jiko lao la nje, na bibi yake alikuwa ndani. Alisema hivyo akapanga karatasi zake, tukaendelea na kazi.

Sasa mtu kama huyo ameolewa na Mzee Tadei, Mndamba, mtu wa kabila la bondeni, asiyeogopa maji hata chembe. Mzee ana mpunga wake bondeni, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, na kuanzia mwezi wa nne anahamia dunguni, kile kibanda cha juu ya miti, kufukuza ndege. Njia ya kutokea huko ni moja, na inakatiza kijito. Mwaka jana mkewe alimwandikia ujumbe mara tatu kwamba atoke, maji yanakuja. Mara tatu alitoka, na mara tatu maji hayakuja. Ile ya tatu ndege walikula robo ya shamba. Waligombana wiki nzima, mwisho nikaitwa mimi kuwa shahidi wa mapatano: Mzee Tadei hatatoka tena kwa wito wa mke wake. Atatoka siku mashine ikimwita.

Mashine ni kompyuta ndogo iliyo chini ya meza ya Mama Marsiana. Tuliachiwa na mradi mmoja uliokwisha. Kuna kipimo kimefungwa kwenye daraja la juu, kilomita nyingi kutoka hapa, na kompyuta inasoma kina cha maji na kuwatumia ujumbe wa simu watu mia nne na kumi na mbili walioko mabondeni. Ilikuwa inatuma mara tatu kwa siku: saa kumi na mbili asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na mbili jioni. Zamani pale darajani alikaa mlinzi aliyeweza kupigiwa simu, lakini kipimo kilipofungwa mlinzi aliondolewa. Kule bondeni simu za kuongea hazipiti, ila ujumbe huingia ukitundika simu juu ya mti. Kila dungu lina simu yake kwenye mfuko wa plastiki, juu kileleni.

Kompyuta hiyo inatumia Linux, si ile Windows tuliyoizoea. Ratiba ya kazi zake imeandikwa kwenye faili moja, na huifungui kwa kubonyeza picha. Unafungua dirisha jeusi, unaandika amri: crontab, kistari, halafu herufi e. Hapo ratiba inafunguka uihariri. Aliyenifundisha ni Salvatory, kijana aliyekuwa fundi wa mradi kabla hajahamia Dodoma, na kwa kuwa nilifundishwa siku moja nilijiona nimehitimu.

Alhamisi hiyo mvua haikuwa inanyesha kwetu, lakini milimani kulikuwa kweusi tangu alfajiri. Mama Marsiana alishamwandikia mumewe mara mbili kwamba atoke. Saa tano likaja jibu, akanionyesha: "Asubuhi mashine imesema mita mbili. Nangoja ya saa saba." Saa sita kasoro mwenyekiti akapiga simu. Alitaka ujumbe uwe unatoka kila saa kuanzia mchana huo, kwa maana maji yakipita darajani yanahitaji saa nne tu kufika bondeni. Nilimwambia ni kazi ya dakika mbili.

Nikakaa, nikafungua dirisha jeusi, nikaandika amri. Kwenye kibodi, herufi e na r zimekaa bega kwa bega. Nikagonga r.

Hakuna kilichofunguka. Mashine haikuuliza kitu, haikulalamika, ikanirudishia mstari mtupu. Nikaandika tena, safari hii kwa e, na faili likafunguka likiwa jeupe, bila hata herufi moja. Nilimpigia Salvatory, namshukuru Mungu alipokea.

"Ya kwanza uliandika e au r?" aliuliza.

Nikamwambia r.

"Kaka, hiyo inafuta ratiba yote. Hairudi. Una nakala?"

Nikasema sina. Akasema wanaingia kikaoni, simu ikakatika. Maana yake nilikuwa nimeizima mashine siku ambayo mabonde mazima yalikuwa yanaisubiri, na jina la ile programu ya kutuma ujumbe lilikuwa ndani ya mistari niliyoifuta, mimi silijui. Na aliyekuwa amekaa mbele yangu ni mke wa mtu aliyeapa kutotoka mpaka mashine iseme.

Nilimwambia. Nilitegemea anitukane, na ningestahili. Aliniangalia, akainuka, akafungua kabati la chuma, akatoa jalada namba saba. Ndani kulikuwa na karatasi aliyoinakili kwa mkono siku Salvatory alipoaga. Mistari miwili ya ratiba, wa kusoma kina na wa kutuma ujumbe, tarakimu kwa tarakimu, na zile alama za nyota amezichora moja moja kwa kalamu nyekundu. Pembeni ameandika: nyota tatu, si nne. Nakumbuka siku ile nilimcheka, kwamba anaandika kwenye karatasi kitu kilichomo ndani ya kompyuta.

Basi nikaanza kuiandika upya kwenye lile faili jeupe, na hapo nikakutana na mkorofi mwingine. Kihariri cha mashine ile, yaani programu ya kuandikia, si kama cha simu. Ukikifungua, vitufe haviandiki, vinatoa amri, mpaka kwanza ugonge herufi fulani ya kukiruhusu kuandika, na mimi niliisahau. Nikigonga, inalia tu. Nikigonga tena, nusu ya maneno yanaingia na nusu yanamezwa. Mstari ukatokea hauna kichwa. Nikataka kuhifadhi, ikakataa. Nikataka kutoka, ikakataa. Mwisho nikafunga dirisha kwa hasira, nikalifungua tena, na kote kulikuwa kweupe kama mwanzo.

Saa saba ikafika. Simu ya Mama Marsiana, ambayo nayo iko kwenye orodha, ilikuwa juu ya meza. Haikulia. Akaitazama mpaka saa saba na dakika tano.

"Tadei anaingoja hii," akasema.

Akachukua orodha ya namba akaanza kuandika ujumbe kwa simu yake mwenyewe, mmoja mmoja, akianzia kwa mumewe, kisha walio mbali. Simu ikaonyesha wa mumewe haujafika. Nilihesabu ameandika kumi na nane kabla Salvatory hajanijibu kutoka kikaoni, kwa kifupi: niache kile kihariri, niandike popote ninapopaweza, hata kwenye simu, nihamishie faili kwenye kompyuta kwa waya, kisha niiamuru ratiba ilisome faili hilo.

Niliandika kwenye simu, nikihakiki kila nyota. Ule mstari wa kutuma nikauweka uwe wa kila saa. Nikahamisha, nikatoa amri. Mashine ikanijibu kwa Kiingereza kifupi kwamba mwishoni mwa faili kuna mstari mpya unakosekana, na kwa hiyo haiwezi kulipokea.

Mstari unakosekana. Mimi nilielewa jambo moja tu: lazima ratiba ilikuwa na mistari mitatu na karatasi ina miwili. Nikamgeukia.

"Mama, uliruka mstari."

Naomba radhi kwa sauti niliyotumia. Alishtuka usoni kabisa. Aliacha simu, akachukua rula, akaiweka chini ya maandishi yake ya miaka miwili nyuma, akayafuata taratibu mpaka mwisho, kisha akarudia. Katika ofisi zote alizopita, hilo lilikuwa jambo ambalo hakuna mtu amewahi kumwambia, na mimi nilimwambia saa ambayo mumewe yuko bondeni. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hakuruka. Ilikuwa saa nane na nusu.

Halafu akasema nimwonyeshe nilivyoandika. Nikampa simu. Akavaa miwani, akasogeza kidole mpaka chini, na hapo akasimama. Kile kimstari kinachowaka na kuzima kilikuwa kimegandia kwenye herufi ya mwisho, hakuna kitu chini yake.

"Mbona hujarudisha mashine?" akauliza.

Sikumwelewa. Akagonga mwenyewe, kwa kile kidole chake cha kutwangia, kitufe cha mstari mpya. Kimstari kikashuka chini, kikakaa mwanzoni. Kumbe ndicho kilichokuwa kinakosekana, si maneno, bali ni ule mstari wa mwisho kufungwa. Nikahamisha faili tena, nikatoa amri, na mashine haikusema neno. Kwa mashine ile, kunyamaza ni kukubali. Nikaifungua ratiba kuangalia, nikaikuta mistari yote miwili.

Tuliketi tukingoja saa tisa kamili. Sijui nikuelezeje dakika zile. Mama Marsiana alishika rozari bila kuisali. Saa tisa na sekunde chache simu yake ikalia, na yangu ikafuata: "Daraja la juu: mita nne na nusu. TOKENI MABONDENI SASA."

Nusu saa baadaye alipiga Masanja, mfugaji anayechunga ng'ombe mbele kupita shamba la Mzee Tadei. Alikuwa amefika kwenye kichuguu ambako mtandao unashika. Alisema ujumbe ameupata, ng'ombe na watoto wametangulia, maji ya kijito yameshafika kiunoni. Mama Marsiana akamwomba apite dunguni kwa mumewe.

"Nimepita, mama. Dungu ni tupu. Hata simu haipo mtini," alisema Masanja.

Mama Marsiana aliweka simu mezani akasimama katikati ya ofisi, mikono imekaa kichwani. Nilijua tu kwamba nikitoka pale siku ile nitakuwa mtu wa namna gani maisha yangu yote, na sababu ni kidole changu.

Saa kumi na robo mlango ukasukumwa. Mzee Tadei alikuwa amelowa mpaka kifuani, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Hakumsalimia mtu. Aliangalia kwanza sakafu, kona hadi kona, akaona ni kavu, ndipo akamwangalia mke wake. Mimi nikasema asante Mungu, mashine imemtoa. Akauliza mashine gani, simu yake imezama kijitoni alipoteleza wakati anavuka, na alivuka kabla ya saa tisa.

"Ya saa saba haikuja," alisema. "Haijawahi kukosa. Nikajua maji yamekuingilia humu ofisini. Nimekuja kukutafuta."

Mama Marsiana aliuliza mpunga amemwachia nani. Akajibu amewaachia ndege. Basi mama wa watu akaketi, akavua miwani, akalia waziwazi mbele yetu, na mzee akabaki amesimama mlangoni hajui kile kiatu akiweke wapi.

Jioni Salvatory alipiga kuniambia kwamba nikiwa na ile karatasi ningeweza kuiita programu ya ujumbe kwa mkono, bila ratiba yoyote, ingetuma papo hapo. Nilimkatia simu. Maji yalifika bondeni kabla jua halijazama na yakalala juu ya mpunga siku tisa, lakini hakupotea mtu.

Siku hizi nikimaliza kuandika chochote nagonga kile kitufe mara moja zaidi, na Mama Marsiana, akiwa chumba cha pili, anasikia. Mzee Tadei naye anawaambia watu kwamba mashine ile ina akili, maana siku ya hatari yenyewe iliamua kunyamaza. Habari ya herufi r sijamwambia, na mkewe hajanisemea.