Mzaramo kwenye kompyuta ya binti yangu

Jamani, nani ameshaona mtu analipwa kusoma?

Binti yangu Kashindye anasema ndiyo kazi yake. Anasoma na kukagua maelezo ya jinsi ya kuhamisha programu moja, ile ya kusaka makosa, kwenda mfumo mpya wa kompyuta.

Sawa. Mbona anajifungia chumbani, anaongea na kijana wa Dar, eti mwenzake wa kazi, kwenye skrini, wanacheka tu?

Leo nimetoka kupakia mpunga hapa Bukene, nikaingia bila hodi.

"We nani?" nikamuuliza kijana wa kwenye skrini.

"Mzaramo, mtani wako! Maelezo tulishamaliza, baba mkwe. Hapa naposa!"

Mnyamwezi hamnunii Mzaramo. Nikacheka.

Nikamgeukia Kashindye tucheke wote.

Hacheki. Anaangalia sakafu.

Marehemu mama yake angejua pa kuanzia. Mimi baba namuulizaje kama posa ni ya kweli? Nyie mngefanyaje?