Barua Aliyoibeba Esta

Esta hakwenda Geita kutembea. Alikwenda kuutazama mji, kama mjane anavyomtazama mchumba mpya: kwa jicho moja tu, la pili limeshachoka. Miaka kumi na moja aliishi Ushirombo na Boaz. Alifyatua matofali ya nyumba yao kwa mikono yake, na nyumba ilipoezekwa, Boaz akaingiza mwanamke mwingine. Mahakama ikavunja ndoa na kumpa Esta mtoto wao Wema, wa miaka saba. Sasa alitaka mji wenye kazi ya cherehani, mji usiomjua, amlelee humo mwanawe.

Esta alimwacha Wema kwa dada yake mkubwa, Ritha. Angemwacha kwa nani tena? Ritha ndiye aliyemfuta machozi mwaka mzima. Tena ndiye katibu wa jumuiya yao ya kanisa, kwa hiyo ndiye aliyemwandikia barua ya utambulisho, akaifunga bahasha kwa gundi, akaigonga muhuri, akamfungia na karanga za njiani.

"Ukifika uwape watu wa jumuiya ya huko, mdogo wangu," alimwambia. "Mgeni asiye na barua huonekana mzururaji."

Siku mbili Esta aliizunguka Geita kwa miguu, maana ukiwa juu ya bodaboda mji unakupita tu. Aliona wanunuzi wa dhahabu na vimizani vyao, akaona maduka ya sururu na pampu za maji. Lakini kilichomvutia zaidi ni suruali. Karibu kila mchimbaji yake ilikuwa imetoboka magotini, kwa kupiga magoti mashimoni. Esta akacheka peke yake barabarani. Mji mzima unamsubiri fundi! Katika kata ya Nyankumbu akapata chumba chenye madirisha mawili na baraza la kutosha cherehani, na mwenye nyumba, Scolastika, akakubali kumshikia hadi Jumatatu. Ilibaki jumuiya tu. Mtu asiye na jumuiya akiugua, nani atamletea uji? Akifa je?

Jumamosi asubuhi Scolastika akampeleka kwenye sala nyumbani kwa mwenyekiti, Paskazia, mama mtu mzima mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Esta akatoa shikamoo, kisha barua, kwa mikono miwili. Paskazia akaichana bahasha na kuanza kuwasomea watu, kama ilivyo desturi.

"Tunawaletea Esta, mke halali wa Boaz." Sauti ikapungua. "Amekimbia nyumba yake kwa kiburi. Tunaomba asipokelewe wala asipewe chumba, ili arudi kwa mumewe. Mtoto tutamkabidhi kwa baba yake siku ya Ijumaa, ili mama amfuate."

Chini palikuwa na jina la Ritha, na tarehe ya Jumatano.

Jumatano! Esta aliondoka Alhamisi. Kumbe karanga zile zilikaangwa wino ukiwa umeshakauka. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako; hiki chake alikishonea na mfuko wa ndani, akakilinda safari nzima kisipate hata kunyanzi. Hasira ilimpanda hadi masikio yakaziba. Watu wote walikuwa wanatazama mkeka.

Akapiga simu palepale, mbele yao.

"Dada, Wema yuko wapi?"

"Yuko kwa baba yake tangu jana," Ritha alisema. "Usipige kelele, Esta. Ng'ombe wa mahari yako ndio waliomuolea kaka Sostenes. Usiporudi kwake, Boaz anawataka. Tungewatoa wapi? Kaka amrudishe mkewe kwao?"

"Mwaka mzima nimelia mapajani kwako."

"Na nilikuhurumia, Mungu anajua."

"Mmekosa ng'ombe, mkaona mumpe mwanangu."

Upande wa pili simu ikakatwa.

Paskazia aliikunja barua mara mbili, akaiweka chini ya goti lake kama kitu kisichofaa kuonekana na watoto. "Mayu," alimwambia taratibu, akimwita mama kwa Kisukuma, "hukumu ya mahakama unayo?"

"Ninayo, mama."

"Basi kamchukue mtoto. Barua hii sisi hatukuipata. Lakini jumuiya ni jumuiya, utuletee nyingine, hata fupi. Una mtu kule wa kukuandikia?"

Esta alifungua kinywa kutaja jina. Katika maisha yake yote, kila alipoulizwa swali kama hilo, alikuwa na jina moja tu la kutaja. Akajifunga khanga kiunoni, akasimama kwenda kutafuta gari la Ushirombo.

"Sina, mama," alisema. "Nilikuwa naye hadi leo asubuhi."