Jino Lililonusurika Karashani

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Shinyanga mtanishuhudia, mto ukikauka ndipo raha ilipoanza. Tulichimba mchanga kwa mikono mpaka maji yatoke, tukanywa, tukanywesha ng'ombe, kisha tukatafuna matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa na kukaushwa. Kwetu tulizaliwa mabinti watupu, hivyo mchungaji nilikuwa mimi.

Siku moja vidole vyangu viligonga jiwe zito, jeusi, refu kama nusu mche wa sabuni, lina mistari upande mmoja. Nikalibeba nyumbani. Baba mdogo, mchimbaji wa dhahabu aliyekuja kutusalimia kutoka Katoro, aliona chembe za njano, macho yakamtoka.

"Hili naondoka nalo kesho. Linaenda karashani!"

Karasha ni mashine ya kusaga mawe. Kinachotoka humo ni unga tu.

"Baba mdogo, hilo ni jino," nikasema.

Walicheka mpaka mama akamwaga uji. Baba akaniambia, "Ng'wana wane, mwanangu, jua limekupiga." Niliumia sana. Baba huyo huyo ndiye aliyenifundisha kufunua midomo ya ng'ombe mnadani, nijue umri wao kwa meno!

Asubuhi, baba mdogo akiwa ameshafunga mzigo, nilikimbia machinjioni nikaomba taya la ng'ombe. Nikamsihi aulegeze mzigo kidogo, alitoe jiwe, nikaweka taya kando yake. Mistari ile ile ya kusagia majani, na chini mizizi ile ile ya kukaa kwenye ufizi. Tofauti ilikuwa ukubwa. Baba akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye taya, kisha kwenye jiwe, akarudia.

"Mdogo wangu," akasema, "hili haliendi Katoro. Mtoto amesema kweli."

Mwalimu wetu wa sayansi alilifikisha kwa wataalamu. Jibu likaja: jino la tembo wa kale, limegeuka jiwe. Dhahabu haikuwemo hata punje. Baba alitangaza kila mnada kwamba binti yake amewatangulia wasomi, nami nilivimba kichwa, sioni haya kusema.

Siku hizi wanangu wakiokota kitu wanakipiga picha, simu inawatajia jina, wanakitupa. Wanajua mengi, nakubali, ingawa hawajui kwamba ng'ombe hana meno ya mbele juu. Lakini nawaonea huruma. Simu haibishiwi, kwa hiyo hakuna mtu mzima atakayelazimika kuchuchumaa mbele yao na kukiri kwamba wamemshinda.