Mwenye Mtoto

Kwetu Uluguruni ukoo hufuata mama, kwa hiyo mtoto ni wa mjomba. Baba ni baba, tunampenda na kumwamkia, lakini shamba analolima ni la kina mama, na mambo mazito yakija anayeitwa ni mjomba. Waliotunga fomu ya mkopo wa wanafunzi hakuna aliyewaambia habari hii.

Mwaka niliochaguliwa kwenda chuo kikuu, bila mkopo nisingesoma. Kabichi zetu zilikuwa zinanunuliwa kwa bei ya kutupa. Nikashuka Morogoro mjini na mjomba, yeye amevaa koti la harusi yake. Kwenye steshenari moja ya Kihonda wakatuchapia fomu, na kabla sijaisoma mjomba alishanyakua kalamu. Sehemu ya mzazi akajijaza yeye. Ya mdhamini, akajijaza tena. Sahihi yake ina mikia, inakula mpaka mstari wa chini.

"Mzazi mimi, mdhamini mimi," akasema. "Kazi imekwisha, twende tukale."

Ulibaki muhuri wa wakili. Wakili alikuwa kijana mpole, mgeni mkoani, na alikuwa na tabia mbaya ya kusoma. Akalinganisha fomu na cheti changu cha kuzaliwa.

"Mzee, jina la baba hapa ni lingine."

"Ndiyo. Huyo ni baba yake."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ndiye mwenye mtoto."

Wakili akanitazama, akamtazama mjomba, kisha akaurudisha muhuri kwenye droo. Mjomba akaanza kumfafanulia ukoo wetu kuanzia bibi mzaa bibi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Maelezo hayakusaidia; wakili akataka fomu ichapwe upya, mzazi aje kusaini mwenyewe, na dirisha la maombi lilikuwa linafungwa kesho yake jioni.

Mjomba akanuna. Nilimbembeleza, na nilipoona habembelezeki nikamwambia kwa hasira kwamba desturi hailipi ada. Ndipo akatoa simu.

"Shemeji, shuka mjini," alisema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. "Wanakutaka wewe."

Baba alifika asubuhi juu ya lori la mboga, shati jeupe limepigwa pasi, kipande cha jani la kabichi kichwani. Mbele ya wakili alishika kalamu, kisha akamgeukia mjomba.

"Nisaini, shemeji?"

Miaka yote alikuwa akiomba ruhusa hivyo, hata kuhusu mimi mwanawe, nami nilikuwa sijawahi kuliona.

Mjomba akakohoa. "Saini. Ila usizidi mstari."

Baba akaandika jina lake herufi moja moja, ulimi nje kidogo, asizidi mstari hata chembe. Mjomba akasaini kama mdhamini, muhuri ukagongwa, na steshenari wakaituma fomu mchana uleule.

Majina ya waliopata mkopo yalipotoka, langu lilikuwemo. Nikampigia mjomba kwanza, kama inavyotakiwa.

"Shikamoo mjomba! Nimepata!"

Alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akauliza:

"Baba yako umemwambia?"

"Bado, mjomba."

"Basi kata simu, umpigie yeye. Ukimaliza, unipigie tena mimi. Nitajifanya sijasikia."