Upepo Ulioshuka Mlangoni kwa Mtemi

Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba upepo unaweza kumchukua mtu. Sikuwa peke yangu katika kuamini hivyo. Upande wetu kila mtu aliamini, hata waliokwenda kanisani kila Jumapili.

Anayeijua Tabora kwa kushuka stesheni hudhani mji wote ni tambarare. Sisi tulikaa kwenye mawe, pembezoni kabisa, karibu na njia ya kwenda Kwihara. Mashariki mwa nyumba yetu vilisimama vilima viwili vya mawe matupu. Kile kikubwa watu walikiita Mtemi, na mwanya uliovitenganisha waliuita Mlango. Kwa ajili ya vilima hivyo asubuhi zetu zilichelewa. Mjini watu wameshaanika nguo, sisi bado tumejikunyata kivulini, na mwezi wa Juni baridi ile iliingia mpaka kwenye meno. Mchana mawe yalipata moto, usiku yakapasuka kwa milio kama mtu anayevunja kuni. Mvua nayo ilikuwa na upendeleo. Mara nyingi ilinyesha upande wa pili, sisi tukaambulia harufu yake tu.

Sauti ndizo zilizokuwa za ajabu zaidi. Honi ya treni iliugonga mlima ikarudi kutoka upande usio na reli. Kengele ya kanisa ungedhani inalia chini ya ardhi. Na kiangazi, upepo wa mashariki ulipopita Mlangoni, ulikuja na maneno.

Niliishi na Bibi, mama yake baba. Baba alifariki nikiwa na umri wa kuanza shule. Baada ya msiba wazee wa ukoo walitaka mama arithiwe na mdogo wa baba. Mama akakataa, akarudi kwao Goweko. Mimi nikabakishwa, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo. Haya niliyajua baadaye. Wakati ule niliambiwa tu, "Mama yako amekwenda kwao, atakuja mvua zikija." Jina langu ni Kabula, yaani nilizaliwa wakati wa mvua, kwa hiyo nilidhani mvua na mimi tuna undugu na haiwezi kunidanganya. Mvua zikaja, zikaisha. Zikaja tena.

Hatukuwa na jirani wa karibu mwenye watoto. Nilicheza peke yangu, nikaongea na mbuzi, na Bibi hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini kila kiangazi kikianza alinikalisha chini.

"Kabula, upepo wa Mtemi unaiga sauti. Unamwita mtu kwa sauti ya yule anayemtamani kuliko wote. Ukiitika, umekwenda."

"Umekwenda wapi, Bibi?"

"Huko. Unabaki mwili tu."

Alinitajia binti mmoja wa zamani aliyeitika akidhani ni mchumba wake. Akarudi nyumbani akiwa bubu, akafa bubu.

Siku moja nikamuuliza, "Na kama anayeita ni mtu kweli?"

"Mtu kweli ana miguu," alisema. "Atafika mpaka nyumbani."

Nilikuwa na miaka tisa hivi siku yenyewe ilipofika. Ulikuwa msimu wa michembe. Bibi alikwenda msibani Kwihara, akaniacha nianike vipande vya viazi vitamu juu ya mwamba mpana nyuma ya nyumba. Ilikuwa mchana, jua kali, upepo unavuma na vumbi. Nilikuwa nimepiga magoti, napanga vipande kimoja kimoja, niliposikia kutoka Mlangoni:

"Kabulaaa!"

Ilikuwa sauti ya mama. Si iliyofanana na yake. Ilikuwa yake, na ile *a* ya mwisho iliyopanda juu kidogo kama inauliza. Tayari nilikuwa nimefungua mdomo.

"Kabula! Kabula, mwanangu!"

Nikakumbuka binti yule bubu. Nikaziba masikio kwa viganja vyote viwili, nikalala kifudifudi juu ya mwamba, shavu likiungua, nikabana macho nisione kitu chochote. Niliimba nyimbo zote za Jumapili nilizozijua ili nisisikie. Nilitaka sana kuitika. Mpaka leo sijawahi kutaka kitu namna ile. Nilipochoka kuimba, nikaachia masikio taratibu, palikuwa na upepo mtupu. Nusu ya michembe ilikuwa imepeperuka ikaangukia vumbini.

Bibi aliporudi alinikuta palepale. Nilimweleza nikidhani atanisifu.

"Uliitika?"

"Sikuitika, Bibi."

Aliutazama Mlango kwa muda mrefu. Hakunisifu, wala hakunigombeza kwa michembe iliyoharibika. Jioni alichemsha maji akaniogesha mwenyewe, nilivyokuwa mkubwa vile, akanisugua mgongo polepole. Nilifikiri ananiosha uchawi wa upepo.

Bibi alifariki nikiwa msichana wa kidato cha tatu. Siku ya matanga alikuja mwanamke mwembamba aliyejifunga kanga kichwani, akakaa mwisho wa mkeka pamoja na watu wa mbali. Nilimpelekea maji ya kunawa. Nikamwamkia, "Shikamoo." Akasema, "Marahaba, mwanangu," na bakuli likanitoka mikononi.

Tulikaa nyuma ya nyumba, juu ya mwamba uleule, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pasipo na watu.

"Nilikuja siku moja," alisema. "Bibi yako alikuwa ameapa nikikanyaga hapa atanitolea panga. Nikapitia kule juu ya mawe, nikakuona unaanika viazi. Nikakuita. Ukaziba masikio, ukalala chini. Nikasema basi, mtoto ameshanichukia. Nikarudi na treni ya siku ileile."

Nilimweleza habari ya Mtemi na upepo. Alinisikiliza kama mtu anayesimuliwa mambo ya nchi nyingine.

"Kwetu Goweko hakuna milima," alisema hatimaye. "Mtu akiitwa, anaitika."

Akaanza kulia. Mimi sikulia. Nilikuwa natafuta ndani yangu yule mtoto wa kulia naye, simpati.

Nimejiuliza miaka mingi kama Bibi alijua. Nadhani jioni ile alijua, ndiyo sababu ya maji ya moto. Lakini onyo lenyewe hakulitunga yeye. Alilikuta kwa mama mkwe wake, naye alilikuta kwa wengine, na Bibi mwenyewe kiangazi hakuwahi kuitika akiitwa kutoka nje. Alikuwa amemzika mwanawe wa pekee aliyekaa naye, akabaki na mimi. Sina hasira naye. Nilichonacho hakina jina zuri. Alisema anayeitika hubaki mwili tu. Mimi sikuitika, na kuna kitu kilikwenda vilevile.

Sasa mama anaishi Igalula, karibu na stesheni, anauza karanga na mchele. Nikipata nafasi napanda treni kwenda kumsalimia. Tunaulizana habari za afya, za mvua, za bei ya karanga, basi. Tunapendana, nadhani, kama wageni wawili waliofikia nyumba moja. Hunipikia wali mwingi kupita kiasi, kwa kuwa hajui nakula kiasi gani. Chai ikiwa tayari, hushika kijiko, akaniangalia kwa aibu kidogo, akaniuliza kama natumia sukari.

"Viwili, mama," humwambia, kila safari, naye huitikia kwa kichwa kama anayetaka safari hii asisahau.