Siku Niliyomuua Bamdogo kwenye Daftari la Wapiga Kura

Jamani, pale Vingunguti kuna kona sipiti tena, na nikilazimika kupita najitanda khanga mpaka puani, maana aibu niliyoipata pale watu hawajaisahau na wala sidhani kama wataisahau.

Marehemu baba aliitwa Shabani Mohamedi Kilindo, na mdogo wake, baba mmoja mama tofauti, naye Shabani Mohamedi Kilindo (babu alikuwa na wake wawili wasioongea, kila mmoja akampa mwanawe jina la baba mkwe). Baba alipofariki, bamdogo akabaki kwenye nyumba ya familia, na kaka zangu wakawa wanataka iuzwe, maneno kila siku, mie simo huku wala kule.

Sasa pale ofisi ya mtaa wakabandika majina ya wapiga kura, wakatangaza kwamba mwenye ndugu aliyefariki alete taarifa afutwe, isije ikapigwa kura kwa jina la marehemu. Nikasema ngoja niwe mwananchi mwema, nikabeba cheti cha kifo cha baba nikaenda. Dada karani akaingiza jina, wakatokea Shabani wawili, akanigeuzia kompyuta.

"Ni huyu wa juu au wa chini?"

Walifanana kama mapacha wale, picha zenyewe giza, na simu inaita, mteja kasimama nje ya banda langu la cherehani kule Kipawa anataka gauni la harusi ya mchana uleule. Nikagusa wa juu.

"Ndo huyo, Mungu amrehemu." Nikakimbia. (Umri ulikuwa umeandikwa pembeni, ningesoma tu!)

Siku ya kupiga kura bamdogo alikuwa wa kwanza kwenye foleni, kanzu imepigwa pasi inameremeta, mie niko nyuma huko. Nikamsikia msimamizi, kwa upole kabisa: "Mzee, huku inaonyesha ulishafariki."

Watu wakacheka. Bamdogo mwenyewe akacheka. "Nimefariki lini, mbona sikualikwa mazikoni?"

"Umefutwa, mzee. Ndugu yako alileta cheti cha kifo."

Kicheko kikakatika. Na mie, badala ya kumvuta msimamizi pembeni kistaarabu, nikachomoka kwenye foleni nimechanganyikiwa, nikapayuka: "Ni mie! Mie ndo niliyemuua, lakini bahati mbaya!"

Mama mmoja akapiga yowe, askari akanidaka mkono, nikaanza kueleza, Shabani huyu na Shabani yule, aliyekufa ni baba, huyu ni wa pili, na kadiri nilivyoeleza ndo nilivyozidi kuzama, mpaka sauti moja nyuma ikasema, "Si wanaitaka ile nyumba!" Foleni nzima ikaguna.

Bamdogo akanigeukia.

"Zuhura, mwanangu. Mngeniambia tu nihame, ningehama. Ndo mnizike mzima?"

Nikaangukia miguu yake. Msimamizi akasema siku ile hakuna kinachowezekana. Mzee akakunja kadi yake kwenye leso, akaondoka bila kupiga kura, watu wakampisha kama wanapisha jeneza. Na baba, aliyelala makaburini, jina lake likabaki pale, ana haki zote za kupiga kura.

Nilizunguka ofisi hadi nikaambiwa jina la bamdogo litarudishwa, nikaenda kumwambia. Nikamkuta kibarazani na mkewe.

"Shikamoo, bamdogo."

Hakunitazama. Akamwambia mkewe, "Mwambie maiti haiitikii salamu."

Nimeapa sitamsemea tena mtu kwamba yuko au hayuko nikiwa na haraka, lakini kiapo changu kinamsaidia nini yeye? Kila Ijumaa naenda, nasalimia, nasubiri kidogo pale mlangoni, halafu naondoka.