Baba Alisema Ameotea

Katika mtaa wetu wa Mji Mpya, Morogoro, kila mtu alikuwa na dini yake, kabila lake na timu yake, na kati ya hayo matatu timu ndiyo iliyoulizwa kwanza. Ilikuwa lazima uwe wa mojawapo ya zile timu mbili za Kariakoo. Baba yangu hakuwa wa yoyote. Alikuwa refa.

Nasema refa, lakini asije mtu akadhani alichezesha mechi kubwa. Alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo, na jioni alichezesha mechi za viwanda kwa filimbi aliyoinunua mwenyewe. Kiwanda kilipopewa mwekezaji na wafanyakazi wakapunguzwa, kazi iliisha lakini urefa ukabaki, na ukabaki nyumbani kwetu. Ukimsimulia jambo anakukatiza: “Uliona kwa macho yako au uliambiwa?” Mama akitia chumvi kidogo katika habari za jirani, Baba anamtaka aanze upya. Zipo siku nilitamani angekuwa mlevi tu kama wenzake.

Alizaliwa Msumbiji. Wazazi wake walivuka Ruvuma naye mgongoni, wakaja kukata mkonge mashamba ya huku, wakafia huku. Baada ya uhuru alipewa cheti cha uraia, akakiweka kwenye sanduku la mbao, mchwa wakala sanduku na cheti. Mama ni Mluguru wa Mgeta, na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mimi hakuna aliyewahi kuniuliza kwetu wapi. Baba naye hakuulizwa, mpaka mwaka ule timu ya taifa ilipocheza na Msumbiji.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na tawi la mashabiki. Zamani walikuwa na redio moja na bao la kuchezea. Soko huria lilipokuja wakachanga, wakanunua televisheni na dishi, na mtaa mzima ukahamia pale. Mwenyekiti wa tawi alikuwa amefanya kazi na Baba kiwandani kwa miaka mingi. Alikuwa na sauti kubwa, na kukasirika kwake hakukuhitaji sababu. Siku ya mechi alikuja mwenyewe kumchukua Baba.

“Leo hakuna Kariakoo,” alisema. “Leo sote ni Watanzania. Njoo ukae mbele, mzee mwenzangu.”

Nikaenda nao. Wakati huo nilikuwa nauza jezi za mtumba sokoni, na nilipoangalia pale ndani niliona kazi yangu imejaa mabenchi yote: Waitalia, Waingereza, Wajerumani, wote wakiimba Tanzania, Tanzania.

Mpaka dakika za mwisho hakuna aliyefunga. Kisha mshambuliaji wetu akapenyezewa mpira, akaujaza wavuni. Watu waliruka, benchi likaanguka, mwanamke aliyekuwa anauza karanga mlangoni akatupa sinia lake juu. Wakati huo huo mshika kibendera alikuwa amenyoosha kibendera. Goli limekataliwa. Kelele za furaha zikageuka matusi, refa akatukanwa yeye na mama yake. Televisheni ikarudia.

Na hapo ndipo Baba, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akasema kwa sauti yake ya kawaida: “Ameotea. Hatua mbili nzima.”

Nilimfinya mkono. Angeweza kukohoa, angeweza kujifanya anatafuta ndala. Lakini kijana mmoja nyuma yetu alikuwa ameshasikia.

“Si ajabu,” alisema. “Anatetea kwao.”

Nikageuka. Alikuwa amevaa jezi ya Italia niliyomuuzia mimi mwenyewe Jumamosi iliyotangulia.

Mwenyekiti alisimama mbele ya televisheni. “Mzee, tuambie leo. Uko upande gani?”

“Nataka Tanzania ishinde,” Baba alijibu. “Lakini huyu ameotea.”

“Jibu moja!”

“Hayo yote ni jibu moja.”

Walimzomea mpaka mlangoni. Njiani nilimwambia, “Baba, ungenyamaza ungepungukiwa nini?” Nyumbani Mama alitusikiliza sote wawili, akasema yeye ana viazi vya kumenya, wenye akili timamu wamfuate jikoni.

Nilidhani yameishia hapo. Wiki chache baadaye watu walianza kujiandikisha kupiga kura. Baba alivaa shati lake la kola, akaenda asubuhi na mapema, akarudi kabla chai haijapoa. Karani alikuwa amemwambia, “Shikamoo mzee, lakini nimearifiwa kwamba wewe si raia.” Nani alimwarifu, sijui hadi leo, ingawa ninao watu watatu ninaowashuku. Cheti kingefuatiliwa Dar es Salaam, na hilo lingechukua muda usiojulikana. Kwa sasa karani alitaka mtu mzima anayeheshimika mtaani aandike barua kwamba anamfahamu Baba tangu zamani.

Waliomfahamu tangu zamani walikuwa wametawanyika kila mmoja na lake, wengine Turiani kwenye miwa, wengine wamerudi makwao. Mtaani alibaki mmoja, mwenyekiti wa tawi. Baba alikataa kwenda kwake. Nikaenda mimi.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Umetumwa?”

“Sikutumwa.” Nikamweleza. Alinisikiliza huku akifuta vumbi kwenye televisheni ya tawi kwa kitambaa maalumu.

“Nitaandika,” alisema. “Ila kwanza niambie kitu kimoja. Lile lilikuwa goli au halikuwa goli?”

Nilifikiri anatania. Hakuwa anatania. Mtu mwenye wajukuu, ameshika kitambaa, anasubiri. Nikafikiria shati la kola lililokuwa limerudishwa kwenye msumari.

“Lilikuwa goli, mzee.”

“Goli halali?”

“Halali kabisa.”

Akaandika barua ukurasa mzima, kwa mwandiko mzuri, na kugonga muhuri wa tawi ambao haukuhitajika. Nilirudi nyumbani karibu nakimbia. Kosa langu ni kwamba Baba aliponiuliza nimeipataje, nilimweleza kila kitu. Nilidhani atacheka.

“Umesema ni goli?”

“Baba, ni barua ya uraia!”

“Uliona marudio. Ulikuwa umekaa pembeni yangu.”

Akainyakua barua, akavuka barabara. Nilimfuata nikilia kwa hasira, si kwa huzuni. Alimkuta mwenyekiti mlangoni, akamnyooshea ile karatasi.

“Binti yangu alikudanganya ili akuridhishe. Yule mshambuliaji aliotea. Kama barua hii umeiandika kwa sababu ya goli, ichane. Kama umeiandika kwa sababu unanijua, niachie.”

Mwenyekiti alitukana. Alimwita Baba mkaidi, mjinga, mtu asiyejua shida yake. Alisema ndiyo maana hata kiwandani hakuna aliyetaka kukaa naye zamu moja. Alikumbusha penalti ambayo Baba aliwapa watu wa kiwanda cha ngozi miaka kumi na tatu iliyopita. Baba akamwambia ile nayo ilikuwa penalti. Nikakaa chini kwenye ngazi, nimechoka na wazee hawa wote wawili.

Mwisho mwenyekiti alichukua ile barua, akaikunja, akaitia mfukoni mwake. “Twende,” alisema. “Wewe ukienda peke yako utagombana na karani pia.”

Waliondoka pamoja kuelekea ofisini wakiwa bado wanabishana juu ya penalti, mmoja akionyesha kwa mikono mpira ulipogonga. Karani aliniambia baadaye kwamba hata alipokuwa akijaza fomu hawakunyamaza, na kwamba mwenyekiti alimfokea: “Mwandike upesi, huyu ametusumbua hapa maisha yake yote, atakuwa wa wapi mwingine?”

Baba alirudi na kadi ya kupigia kura. Aliiweka mezani, akaomba chai. Mimi sikumpa. Nilimwambia ilipo sufuria anapajua, nikatoka kwenda sokoni. Sikuzungumza naye hadi Ijumaa.